Uzito wa Mkandaji

Jina la utani likishakupata, hata ujibadilishe ngozi litakufuata. Mkandaji wa bekari ile ya nyuma ya soko aliitwa Pipa tangu ujanani, na alipokuja kukonda mpaka suruali zikawa zinashikiliwa na mkanda na dua, bado watu walimwita Pipa. Tena walifurahi zaidi, maana sasa jina lilikuwa na kichekesho ndani yake.

Zamani alikuwa pipa kweli, mtu wa kujaza mlango. Akitaniwa, alijibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, watu wakacheka na yeye akacheka kuwashinda. Mtu anayetaniwa mwili hujifunza kuwahi kucheka, ili wengine wasimcheke peke yake. Lakini shati hakuwahi kulivua mbele ya mtu ila mkewe, na hata mbele ya mkewe alizima taa kwanza.

Kwenye meza ya kukandia, hata hivyo, uzito ule ulikuwa mali. Bekari ile ilikanda kwa mikono, na wateja walitoka mitaa ya mbali kwa sababu hiyo. Pipa hakuwa akiusukuma unga, alikuwa akiulalia. Alikunja donge, akaegemea, kifua na tumbo vikashuka pamoja na viganja, na donge likanyooka lenyewe. Hakuwahi kujiuliza kazi ile inafanywa na nini hasa. Alidhani ni mikono.

Kisha presha ikapanda. Muuguzi wa kliniki, mama asiyezungusha maneno, alimwambia apunguze mwili kama anataka kuwaona wajukuu. Pipa aliogopa, akapunguza. Aliacha soda na maandazi, akaanza kwenda kazini kwa miguu, na polepole presha ikatulia. Hapo mambo yangeishia vizuri, kama si sifa. Mtaa mzima ulishika wimbo mmoja: umependeza, umerudi ujana, tupe siri. Mwili uliokuwa mzaha wa watu leo unasifiwa barabarani! Nani angeacha? Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Pipa akaacha chakula cha mchana, na cha jioni akawa anakidonoadonoa tu. Kila alfajiri, kabla wenzake hawajafika, alipanda juu ya mizani ya kupimia magunia ya unga na kuinama kuutazama mshale. Ukishuka, siku ilikuwa njema. Ukigoma, alinuna na kila mtu.

"Bandu bandu huisha gogo, baba watoto," mkewe alimwambia. "Unataka ufike wapi?"

"Bado kidogo tu."

"Hicho kidogo nakisikia tangu mwaka jana."

Wakati huohuo mikate ilianza kuharibika. Ilitoka tanurini imesinyaa, ukiikata inapukutika, katikati ina matundu ya kupitisha kidole. Pipa akalaumu unga. Unga ulipobadilishwa, akalaumu hamira, kisha maji. Mwisho akalitupia lawama tanuri, na mchomaji, mama mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichoka, hakumsalimia siku mbili.

Tajiri wao alikuwa mjane aliyeachiwa bekari na mumewe, na alimheshimu Pipa kama mdogo wake. Alimwita pembeni, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, wateja wananirudishia mikate mpaka nyumbani. Nimeamua kununua mashine ya kukandia, itafika baada ya miezi mitatu. Wewe nitakuweka kaunta uuze. Ni kazi nyepesi, na siku hizi umependeza, wateja watakufurahia."

"Asante, dada," alisema Pipa. Sifa zilezile alizozikimbilia ndizo zilizokuwa zikimtoa mezani. Mezani pale ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuwahi kuuonea haya mwili wake. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na mikate ikirudi kama zamani kabla ya hapo?"

"Ikirudi, mashine ya nini? Kelele zake tu zinanitisha."

Mchomaji alikuwa amesikia yote, kwa kuwa ukuta wa bekari ile ni mbao tupu. Alisahau kununa. "Tanuri langu halina kosa," alisema. "Hebu kanda nikuone."

Pipa akakanda. Mama yule alitazama kidogo tu, akatikisa kichwa.

"Wewe hujawahi kukanda. Ulikuwa unaliangukia donge. Sasa huna cha kuangusha."

"Kwa hiyo ninenepe tena?"

"Mimi ni mwembamba kuliko wewe, na masinia haya nayaingiza na kuyatoa tangu alfajiri." Alipandisha mkono wa gauni, akakunja kiwiko, na msuli ukasimama. "Nina nini usichokuwa nacho? Nyama. Wewe za kwako umezila mwenyewe kwa njaa. Kunja na wewe shati tuone."

Pipa alisita, kwa sababu shati lile la mikono mirefu lilikuwa na kazi yake. Alipolikunja, ngozi ya mkono ilining'inia kama foronya iliyotolewa mto. Alikuwa amekimbia mwili mmoja wa kuuficha akaangukia mwingine. Alingoja kicheko, tena alitaka kuwahi kucheka yeye, lakini safari hii kicheko hakikutoka. Mchomaji naye hakucheka.

"Inajazika hiyo," alisema tu. "Kamuulize muuguzi wako."

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini. "Nilikwambia upungue, sikukwambia uishe," alisema. Akampima presha, akaiona sawa. "Basi, inatosha. Sasa ujenge misuli. Kula mayai, kula maharage na samaki, na unyanyue vitu vizito, kidogo kidogo. Mizani itapanda, usishtuke."

"Itapanda?"

"Nyama nayo ina uzito, baba, ulidhani ni pamba?"

Njiani kurudi, Pipa hakukumbuka mayai wala maharage. Alikumbuka neno moja tu, itapanda. Ili abaki mezani, ilimpasa auone mshale ukirudi kulekule alikoukimbia, na hakujua kama ataweza.

Alianza hata hivyo. Mchomaji alimpa ndoo ya unga mkono huu na ndoo mkono ule, akamwamuru ainame na kuinuka. "Mgongo nyoosha! Magoti kunja! Unanyanyua ndoo, huchungulii uvunguni!" Akitoka hapo, aliegemea ukingo wa meza, akajishusha na kujiinua kwa mikono mpaka ikatetemeka. Siku za mwanzo hata kikombe cha chai kilimshinda kukifikisha mdomoni. Lakini maumivu aliyavumilia. Kilichomshinda kilikuwa sahani. Mkewe alimchemshia mayai, naye akayatazama kama wageni asiowajua, akala moja, la pili akalisukuma pembeni.

Asubuhi moja mshale ulipanda. Kidogo tu, lakini ulipanda. Jioni hiyo Pipa alisema hana njaa, na kesho yake vilevile. Siku iliyofuata donge likamshinda nguvu, na mikate ikatoka imesinyaa kama mwanzo. Mkewe hakupiga kelele. Alikaa mbele yake, mikono mapajani.

"Nimeishi na wewe ukiwa mnene, nikaishi na wewe ukiwa mwembamba. Sikuolewa na mizani mimi. Kinachoniuma ni kwamba chakula ninachokipika kwa mikono hii wewe unakiogopa."

Kulipokucha Pipa alimwomba mchomaji amsaidie kupanga magunia juu ya mizani mpaka mshale usionekane. Mchomaji alipanga bila kuuliza, akaongeza na gunia la sukari kwa usalama. Tangu hapo Pipa akawa anamaliza alichopakuliwa, hata kama kwa shida.

Nguvu haikuja kwa siku moja, wala Pipa hakuiona ikija. Alichokiona ni donge. Kwanza liliacha kumbishia. Kisha akagundua kwamba anasukuma kuanzia nyayoni, nguvu inapanda mapajani, inapita mgongoni na kufika viganjani, mahali ambapo zamani palikuwa na kilo tupu zinazoshuka. Shati likaanza kumbana mabegani. Asubuhi moja joto la tanuri lilizidi, akalivua bila kufikiri na kuendelea kukanda na fulana isiyo na mikono.

Tajiri alipoingia, Pipa alishtuka. Alitaka kulifuata shati, lakini mikono ilikuwa imezama kwenye unga. Ngozi yake bado ilikuwa imelegea hapa na pale, na tajiri aliiona. Akakata pande dogo la unga, akalivuta taratibu, akalivuta tena, akaliinua kwenye taa. Mwanga ulipenya, na unga haukuchanika. Unga uliokandwa vizuri ndivyo ulivyo.

"Nitawaambia watu wa mashine wasihangaike," alisema, akatoka.

Mchomaji alipiga sinia kama ngoma. Pipa alicheka, na safari hii hakuwa akimwahi mtu.

Siku hiyohiyo, akitoka kazini, alikutana mlangoni na muuza viatu wa jirani, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kuufunga. "Pipa! Naona unarudi! Kitambi kiko njiani, eh?"

Ndiyo maneno aliyoyaogopa kuliko presha yenyewe. Na yalimchoma, kusema kweli. Yalimchoma barabara nzima mpaka nyumbani, yakakaa naye alipoketi kula. Mkewe alimpakulia kidogo, kama alivyozoea siku hizi ili kuepusha ugomvi. Pipa alimaliza. Aliitazama sahani tupu, maneno ya muuza viatu bado yakimlia sikioni. Bekarini, unga wa kesho ulikuwa ukimngoja.

Aliisogeza sahani mbele ya mkewe.

"Niongezee," alisema.

Mkewe alichukua upawa akampakulia, safari hii mpaka sahani ikajaa.