Krimu ya Mkono Wangu, Shavu la Binti Yangu

Nilimpaka binti yangu dawa yangu mwenyewe ya ukurutu kwa sababu moja tu: nilikuwa mvivu wa kushuka hospitalini, mjini Voi. Sababu nyingine zote nilizitunga baadaye.

Ilikuwa miaka ya sabini, tukiishi Werugha, juu milimani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka jikoni kwangu kichwa kinaniuma. Daktari wa Voi alikuwa amenipa tyubu ya haidrokotisoni, krimu hafifu ya kutuliza mikono yangu iliyokuwa ikiwasha na kupasuka. Kwangu ilifanya kazi sana. Basi binti alipotokwa na doa jekundu shavuni, wiki tatu kabla ya kwenda shule ya bweni, nikajifanya daktari. Si nilifika kidato cha nne?

Barua ya shule ilisema wazi: msichana mwenye ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza atarudishwa, na nafasi apewe mwingine.

Siku ya tatu wekundu ukafifia. Nikaenda kumtangazia jirani, aliyekuwa akikamua ng'ombe. Hata hakugeuka. "Mpeleke hospitali, mama."

Sikumpeleka. Wiki ya pili doa likatambaa hadi sikioni. Binti akawa anashinda dirishani na kioo. "Mama, na wakinirudisha?"

Tukashuka Voi.

Daktari alilitazama shavu, akaitazama tyubu. "Huu ni choa, ugonjwa wa kuvu, na unaambukiza. Krimu hii inatuliza wekundu, choa haikiui. Umekifunika tu, mama, nacho kinaendelea kula." Akaandika dawa nyingine ya kupaka, pamoja na cheti cha kuonyesha shuleni. Zilibaki siku tisa.

"Zitatosha?"

"Apake. Asiruke hata siku moja."

Binti alijipaka mwenyewe. Nikinyoosha mkono anarudi nyuma, na sikumlaumu.

Siku ya kuripoti, matroni alimgeuza uso kwenye mwanga, akasugua shavu kwa kidole gumba. Alama ilikuwa bado ipo, kahawia, kavu. Alisoma cheti mara mbili. Mimi nimebana mkoba. Hatimaye akasema, "Ingia, mwanangu. Dawa endelea nayo."

Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamweleza jirani jinsi tulivyopambana na ugonjwa ule.

"Tulivyopambana, wewe na nani?" akasema. "Mtoto kaingia shule kwa sababu ulinyang'anywa kazi ya udaktari. Ungeendelea kumtibu wewe, saa hizi angekuwa hapa ananikatia ng'ombe nyasi."