Karani Aliyegombana na Vitabu vya Vita

Asukile Mwaipaja alikuwa mtu mgumu kupendwa, na yeye mwenyewe hakujisumbua kutafuta kupendwa. Mwaka 1957 alikuwa karani wa stoo katika shamba moja la chai huko Mufindi, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Nyololo. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani, amemwoa Mhehe Mkatoliki, tena anakaa katika kambi ambayo karibu wafanyakazi wote walikuwa Wabena na Wahehe. Mchuma chai akija kuomba kikapu kipya, Asukile alikigeuzageuza kile cha zamani, akapitisha kidole kwenye tundu, kisha akasema, "Hiki bado." Kambini walimwita Bwana Bado, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Kitu kimoja tu kilimpa raha: hadithi za Kiingereza za vita na njama. Vilikuwa vitabu vyembamba vya jalada laini, vyenye picha ya mtu ameshika bastola. Ndani yake mlikuwa na majenerali wanaotaka kumpindua rais, majasusi waliojificha ubalozini, na manowari zinazozama na siri za serikali. Vilitoka klabu ya wazungu. Kila baada ya miezi michache mke wa meneja aliagiza vile vilivyochakaa vichomwe, na mpishi wa klabu, Fanueli, badala ya kuviwashia jiko alivitia kwenye gunia la mkaa akampelekea Asukile. Fanueli mwenyewe hakujua kusoma. Alimchukia mke wa meneja, na kumkaidi kwa jambo dogo kama hilo kulimtosha.

Kiingereza Asukile alikianza shule ya misheni, akakikomaza jeshini. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Bama dhidi ya Wajapani, miaka mitatu mizima, lakini hakufyatua risasi hata moja. Walimweka stoo ya risasi na baruti, mbali nyuma ya mapigano. Aliporudi Rungwe watu walimzunguka wakitaka awasimulie vita, naye hakuwa na la kusimulia ila masanduku. Wadogo zake walicheka. Kicheko kile hakikumtoka.

Kwa hiyo alipokutana na hadithi hizi aliviona kwa mara ya kwanza vita alivyovikosa, na papo hapo akagundua kwamba wanaovisimulia ni waongo. Hapo ndipo ilipokuwa raha yake. Alisoma huku ameshika penseli, akawaandikia pembeni kwa Kiswahili: "Uongo. Bastola hii haiingii risasi kumi na mbili." "Kapteni mjinga. Mlango wa nyuma ameuacha bila mlinzi." Na mwandishi aliyemchosha alimfokea kama anavyomfokea mchuma chai: "Ondoa huyu mwanamke, anachelewesha vita."

Alisoma Jumapili mchana, amekaa kwenye sanduku mbele ya nyumba, watu wakipita na kumtazama kwa jicho baya. Mwanamume mzima anayecheka peke yake na karatasi za wazungu. Wengine walisema anajifunza Uzungu. Wengine walisema ni barua za meneja, na majina yao yamo humo. Asukile aliyasikia yote hayo, akafungua ukurasa mwingine.

Mkewe, Tekla, aliyavumilia. Asiyevumilia alikuwa kaka yake Tekla, Silvester, mkalimani bomani Iringa, mtu wa suti ya kijivu na kola ngumu. Harusini hakufika, kwa sababu dada yake alikuwa anaolewa na mtu wa kanisa jingine. Miaka sita ilipita kabla hajakanyaga nyumbani kwao, na alipokuja hatimaye ilikuwa Pasaka ya mwaka huo wa 1957. Alimkuta shemeji yake kwenye sanduku, kitabu mkononi.

"Ndivyo mnavyoadhimisha Pasaka ninyi?" Silvester aliuliza.

"Kwetu ibada imekwisha saa nne."

"Vitabu gani hivyo?"

"Vya kusoma."

Silvester alichukua kimoja kutoka kwenye rundo. Kiingereza kilikuwa fahari yake, lakini kile cha mle ndani, cha matusi na utani wa askari, kilimpiga chenga. Maandishi ya penseli, hata hivyo, yalikuwa ya Kiswahili, na hayo aliyasoma yote. Akasimama kwenye moja, akalisoma kwa sauti.

"'Gavana huyu angeuawa ukurasa wa kumi tungepumzika.' Umeandika wewe haya?"

"Unaona mwandiko wa nani mwingine hapo?"

"Gavana gani?"

"Wa kitabuni. Mrudishe ulipomtoa."

"Unajua mimi nafanya kazi wapi, Asukile."

"Najua. Unabeba maneno ya watu. Hayo si yako, yaache."

Tekla alikuwa ametoka jikoni na bakuli la kuku. "Kaka, nawa mikono ule," alisema. Silvester alikirudisha kitabu juu ya rundo, akafuta vidole kwa leso, akaondoka bila kuonja hata mchuzi. Tekla alibaki amesimama na bakuli lake. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona ndugu akiondoka hivyo mlangoni kwa ndugu yake.

Baada ya wiki mbili landrova ya polisi ilisimama mbele ya stoo. Askari waliingia nyumbani, wakapasua godoro, wakamwaga unga wa Tekla chini, wakavitoa vitabu thelathini na kimoja chini ya kitanda. Watu wa kambi walikusanyika kutazama. Hakuna aliyemuuliza Tekla neno, wala hakuna aliyeinama kumsaidia kuzoa unga. Asukile alipopandishwa nyuma ya gari mtu mmoja kundini alisema, "Bado," na wengi wakacheka.

Inspekta aliyemhoji Iringa alikuwa kijana wa Kiingereza, mwembamba, amehamishwa kutoka Kenya ya hali ya hatari. Huko alikuwa amezoea kwamba Mwafrika anayeficha karatasi anaficha kiapo cha waasi. Juu ya meza palikuwa na vitabu vyote, vimewekewa vipande vya karatasi kila palipoandikwa. Na pembeni ya meza, ndani ya suti yake ya kijivu, alikaa mkalimani. Asukile alipomwona hakuhitaji tena kuuliza nani alipeleka habari.

Silvester aliyatafsiri yale maneno ya gavana. Kwa Kiingereza chake yalitoka hivi: gavana lazima auawe ili watu wapate kupumzika.

Asukile alimgeukia inspekta na kusema kwa Kiingereza, "Mtu wako amekosea. Sikuandika 'lazima auawe.' Niliandika 'angeuawa.' Maana yake hakuuawa. Gavana huyo wa kisiwani anahutubia kurasa kumi na mbili mfululizo, na muuaji amekaa chumba cha pili anamsikiliza. Mwandishi mzuri angemmaliza mapema."

Inspekta alipiga meza. Alisema mtuhumiwa atajibu kwa Kiswahili, kupitia kwa mkalimani, kama sheria inavyotaka. Basi ikawa hivyo. Asukile alijibu kwa Kiswahili, Silvester akatafsiri, na kila Silvester alipokosea Asukile alimsahihisha kwa Kiingereza mbele ya bwana wake, taratibu, kama mwalimu wa darasa la tatu. Alimsahihisha vitenzi. Alimsahihisha hata jina la cheo cha jeshi ambalo Silvester alilitaja kama la mpishi. Asubuhi nzima ilikwenda namna hiyo. Kola ya Silvester ililowa.

"Na hili?" inspekta aliuliza, akisukuma kitabu kingine. Pembeni palikuwa pameandikwa: "Daraja hili halivunjiki kwa baruti hiyo. Iongezwe mara nne, iwekwe chini ya nguzo." Inspekta akaendelea, "Daraja lipi? La mto Ruaha Mdogo hapa?"

"La kitabuni. Liko Ulaya."

"Umejuaje kiasi cha baruti?"

"Nilitunza baruti ya Mfalme wenu miaka mitatu. Huyu mwandishi hajawahi hata kuinusa."

Walimfungia siku tisa. Kwa siku hizo tisa Silvester aliamriwa kutafsiri kila neno la penseli katika vitabu vyote, na kwa kuwa neno la pembeni halieleweki bila ukurasa wake, ilimbidi asome kurasa pia. Alisoma na kamusi. Makarani wenzake walimwona akikaa ofisini saa ya chakula, kichwa kimeinama.

Siku ya kumi inspekta alimwachia Asukile. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba hakuna hakimu atakayesikiliza kesi ya gavana asiyekuwapo duniani, lakini mtu mwenye mawazo kama haya ataendelea kutazamwa. Vitabu havikurudishwa. Asukile alipokuwa anatia sahihi karatasi ya kutoka, vilikuwa vinawaka ndani ya pipa nyuma ya kituo, na moshi wake ulipita dirishani.

Silvester alimfuata mpaka stendi ya malori. Alisimama hatua chache kutoka kwake, mikono nyuma.

"Shemeji."

"Usiniite hivyo."

Silvester alikohoa. "Kile cha jenerali na ndege ya rais. Nimefika pale ndege inapotua na askari wamezingira uwanja. Ndipo wakavichukua kwenda kuchoma." Aliangalia huku na huku kabla ya kuendelea. "Rais alikuwemo ndani ya ndege, au hakuwemo?"

Asukile alikuwa amekisoma kitabu kile mara tatu. Alimtazama mtu huyu aliyemwaga unga wa dada yake kwa mikono ya wengine, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi alihisi kitu kinachofanana na furaha.

"Kaa hivyohivyo usijue," alisema, akapanda lori.

Mufindi alikuta nyumba ina mtu mwingine. Meneja alikuwa amemwachisha kazi siku ya tatu ya kufungwa kwake, na Tekla na binti yao Marta walikuwa wamehamia kwa mama yake Tekla, karibu na Nyololo. Akawafuata huko. Wiki haikwisha, wakaja vijana wanne wa TANU wakiongozwa na mshonaji mmoja aitwaye Philbert. Walikuwa wamesikia habari, na habari ilikuwa imekua njiani. Walimshika mkono kwa mikono miwili miwili.

"Mzee, tunataka uzungumze na watu Jumamosi," Philbert alisema. "Uwaeleze ulivyopanga mambo ya gavana na daraja, ukafungwa, ukatoka bila kutetereka."

"Sikupanga kitu. Nilikuwa nasoma hadithi."

Philbert alitabasamu. "Tunaelewa. Hadithi."

"Hamwelewi. Kitabu kilikuwa kibaya, nikaandika kwamba ni kibaya. Uhuru wenu siupingi, lakini msinivishe ushujaa ambao sikuufanya. Nilikwisha kuchekwa mara moja kwa vita ambavyo sikupigana."

Tabasamu la Philbert lilififia. "Kumbe walikutisha ukatishika."

"Ondokeni hapa kwa mama mkwe wangu."

Waliondoka, lakini Jumamosi jina lake lilitajwa mkutanoni kwa namna nyingine. Asubuhi yake ukuta wa nyumba ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, KIBARAKA WA GAVANA. Alipopita sokoni walimzomea watu ambao hakuwahi kuwaona. Kwa serikali alikuwa mchochezi, na kwa wapinzani wa serikali alikuwa msaliti, na kosa lilikuwa ni lilelile la kusoma na penseli. Mama mkwe hakujua kusoma ule ukuta, lakini alipoelezwa maana yake alimwita Tekla kando akamwambia mume wake atafute pa kwenda.

Silvester aliposikia, alikuja. Safari hii hakumtazama Asukile kabisa. Alimwambia dada yake abaki kwao na mtoto, mtu huyo aende zake, mambo ya ndoa kanisani yatatafutiwa njia.

Tekla alikuwa anafunga mzigo. Hakuacha kufunga. "Kaka, mume wangu ulimpeleka polisi kwa mdomo. Mdomo huohuo usiniambie nikae."

"Nilifanya kazi yangu."

"Uliikataa nyama yangu kwanza. Kazi ilifuata baadaye." Alivuta kamba, akakaza fundo. "Sisemi kwamba huyu ni mtu mwema. Ananinunia kila siku Mungu aliyoiumba. Lakini hajawahi kunisemea maneno ambayo sikuyasema."

Walikwenda Mbeya. Asukile alipata kazi ya kukata tiketi za mabasi, na abiria wakagundua upesi kwamba mtu aliyechelewa dakika mbili hawezi kumlainisha kwa lugha yoyote. Walipanga vyumba viwili upande wa mlima Loleza, ambako majirani walikuwa Wasafwa na Wanyakyusa wenzake, na hao nao akagombana nao, juu ya mbuzi na juu ya maji. Vitabu alivipata tena, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza magazeti ya zamani ya kufungia bidhaa. Alivisoma kama zamani, Jumapili, nje, mbele ya macho ya watu. Tekla alimshauri asomee ndani na kufunga mlango. Asukile alisema kama wanataka kumtazama watazame.

Mwaka 1959, mwezi wa masika, ilikuja barua kwamba Silvester ni mgonjwa sana, mapafu, na kwamba amemwomba dada yake aende. Asukile aliisoma barua kwa sauti mpaka mwisho, bila kuruka neno, akaikunja. Kesho yake asubuhi alimkatia Tekla tiketi ya Iringa na kumwekea kiti cha mbele, mahali ambapo hapatikisiki sana. Akapanda mwenyewe juu ya basi kufunga mzigo wake chini ya turubai, maana mvua ilikuwa imeshaanza.

Aliposhuka alisimama chini ya dirisha.

"Msalimie mama," alisema.

"Na kaka?" Tekla aliuliza.

Maji yalimchuruzika usoni. Aligeuka, akampungia dereva mkono aondoke, akarudi kwenye dirisha lake la tiketi ambako abiria wengine walikuwa wanamngoja.