Tamthilia ya Saa Moja

Mimi si mtu wa kudanganywa na tamthilia. Nauza chai na chapati hapa Ogwedhi, kando ya soko la ng'ombe, na mtu aliyezoea kusikia madalali wakiapa kwamba ng'ombe mzee ni mtamba hawezi kubabaishwa na mtu wa kwenye kioo. Kwa hivyo nikisema tamthilia fulani ni mbovu, jua ni mbovu.

Chukua hizi za Kituruki. Zinapendeza, sikatai, nguo na nyumba zenyewe ni za kutamanika. Lakini kwani watu hao hawana milango ya kufunga? Kila siri inasemwa mlango ukiwa wazi, na kila mara kuna mtu nje amesimama na sinia la chai, anasikiliza. Na chai yenyewe haimwagiki! Mimi nimebeba chai miaka na miaka, na nikisikia tu habari ya jirani kuugua, mikono inatetemeka. Za Kihindi nazo, mtu akitamka neno moja lazima tuonyeshwe nyuso za ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, na radi juu yake. Nenda kasonge ugali, urudi, utawakuta bado wanatazamana.

Za hapa kwetu Kenya ndizo hunipandisha hasira. Mtu wa kutoka mashambani lazima awe mjinga. Akifika Nairobi anaogopa lifti, anapiga kelele kwenye simu, na Kiswahili chake kinavunjwavunjwa ili watu wacheke. Tena kinachovunjwa ni kile cha huku kwetu ziwani. Hapo nachukua rimoti nazima, halafu nakaa nikiangalia kioo cheusi nikiwa nimenuna peke yangu.

Vijana wa bodaboda wao hupenda zile za vita zenye dijei anayetafsiri kwa kupayuka. Mtu anapigwa risasi, dijei anamwambia pole. Jambazi anaingia, dijei anamuuliza mama yake anajua aliko? Upuuzi mtupu, lakini sitasema uongo, nazipenda kidogo. Angalau kuna mtu anaongea na wewe.

Maana kuangalia peke yako si kuangalia. Ile raha iko kwenye kumgeukia mtu useme, "Umemwona huyo shetani?" Mimi mtu huyo nilikuwa naye. Ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Baba yake alituacha duniani kabla hajaanza shule, na tangu hapo tulikuwa wawili kwenye kochi moja, tukigombana na televisheni kila jioni. Yeye hupenda wabaya. Husema wabaya ndio wanaofanya kazi, wazuri wanalia tu.

Kisha akaolewa Mbita, na fundi wa injini za boti. Nilifurahi, nikacheza mpaka viatu vikakatika. Watu walipotawanyika nikarudi nyumbani, nikawasha televisheni, nikasema, "Umemwona huyo?" Hakuna aliyejibu. Niliona nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Ni yeye aliyepata dawa. Wakati huo ilikuwa imeanza tamthilia mpya ya Kituruki, ya saa moja jioni. Mama mmoja ni mpishi katika nyumba ya tajiri, na binti wa nyumba hiyo ndiye mtoto wake wa kumzaa, aliyeibwa hospitalini. Mama anajua, binti hajui. Kila asubuhi anampikia mayai na kuitwa "wewe" na mtoto wake mwenyewe. Ikiisha tu, simu inalia. "Mama, umeona? Unadhani atamwambia lini?" Mimi nasema atamwambia, mzazi hawezi kuvumilia hivyo. Yeye anasema hatamwambia ng'o, atakufa nayo. Tunabishana mpaka chaji inaisha.

Simu hiyo ndiyo niliyoishi nikiingoja. Sokoni watu huongea nami kutwa nzima, Wamaasai, Wakuria, Wajaluo wenzangu, lakini ni "mama, ongeza sukari," na "mama, chapati ngapi zimebaki?" Hayo si mazungumzo. Nilikuwa nafunga kihoteli changu cha chai mapema makusudi, wateja wakinung'unika, ili saa moja inikute nyumbani na simu iko karibu.

Mwaka huu akajifungua. Nikabeba unga wa wimbi na kuku, nikaenda Mbita kumwona mjukuu.

Hapa lazima nieleze kitu, maana zile muvi za Kinaijeria zimewapotosha wengi. Huko mama mkwe anahamia kwa mume wa binti yake na masanduku, anamnyooshea kidole sebuleni. Woi! Kwetu mimi na mkwe wangu hatupeani hata mkono. Yeye hunisalimia kutoka mbali, macho chini, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, kisha anatafuta njia ya kupotea. Kulala nyumbani mwake ni mwiko. Na kukaa pamoja kuangalia tamthilia, sahau. Hao Waturuki wakianza kubusiana, mimi na yeye tutatazama wapi?

Kwa hivyo binti yangu akanitafutia malazi kwa jirani, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, chumba kinachopakana na chao katika ploti hiyohiyo ya kupanga. Mchana nilishinda na mtoto, mkwe wangu yuko ufukweni na injini zake. Jioni jirani akanialika kwenye maombi ya akina mama, nikakubali. Binti yangu alituona tukitoka. Lakini hatukufika mbali, goti langu likagoma. Nikamwambia jirani atangulie, nikarudi polepole nikajilaza kitandani kwake.

Ploti ile imegawanywa kwa mabati, na juu hakuna dari. Kijiko kikianguka kwa mwenzako unakisikia. Nikiwa nimelala nikasikia wimbo wa tamthilia yetu. Nikashangaa, maana saa moja ilikuwa bado. Kisha nikasikia sauti ya yule mama mpishi ikisema, "Mimi ndiye niliyekuzaa."

Nilikaa wima. Amesema! Karibu nipige ukelele. Ndipo nikamsikia mwanamume akicheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni. Sikukitambua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mkwe wangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Sasa nifanyeje? Nikikohoa, atajua mama mkwe alikuwa akimsikiliza, na hiyo ni aibu ambayo hatungeifuta mpaka mmoja wetu azikwe. Nikitoka, mlango wa jirani hulia. Nikakaa kitandani bila kuthubutu hata kujikuna. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Langu siku hiyo lilishiba likavimbiwa.

"Mama atalia akifika hapa," binti yangu alisema.

"Atafika lini?"

"Kwa ile ya televisheni, labda mwezi ujao. Hizo sehemu za mbele ulizoleta kwenye flashi zimetupeleka mbali."

"Na wewe utajifanya hujui."

"Nitajifanya tu. Juzi nimemwambia yule mama atakufa na siri yake."

Mkwe wangu akacheka tena. "Wewe ungeajiriwa na hao Waturuki."

"Usicheke. Nikimwambia nimeshaona yote, jioni ataongea na nani?"

Mkwe wangu akasema, bila mzaha wowote, "Basi endelea kumpigia. Mtoto nitambeba mimi."

Sikukasirika kwa sababu ya uongo. Uongo wa namna ile ni wa mtu mwenye moyo mzuri, na nilimzaa mimi. Kilichonichoma ni kujua kwamba nahurumiwa. Nikaanza kukumbuka jioni zote zile, "woi mama," "haki sikuamini," "unadhani itakuwaje?" Kumbe kila usiku mtoto wangu alikuwa akimaliza kazi za nyumba, ananyonyesha, halafu anaanza kazi nyingine ya kujifanya anashangaa kwa ajili yangu. Na mimi, mjuzi wa waigizaji, sikugundua hata siku moja.

Asubuhi mkwe wangu alinisalimia kutoka mlangoni, macho chini, sauti ileile ya kanisani. Nami nikaitikia chini chini. Nilimwangalia alipogeuka kwenda zake, nikasema moyoni, huyu ni mtu mzuri. Nikarudi kwangu.

Niliendelea kupokea simu, nikibishana kama kawaida, lakini ladha ilikuwa imeisha. Nilijikuta nasikiliza yanayopita nyuma ya sauti yake. Mtoto analia. Sufuria inachemka. Mwanamume anaimba wimbo wa kubembeleza, vibaya. Nyumba ile ilikuwa imejaa, na yeye amesimama pembeni yake anaongea nami.

Basi siku ikafika. Yule mama akasimama mbele ya binti, akafuta mikono kwa aproni, akasema aliyoyasema. Nilikuwa najua, na bado nililia mpaka nikatafuta leso. Hapo sina la kuwakosoa, waliigiza vizuri. Yule binti hakumkumbatia. Alimtazama tu, na mama akaanza kuondoa vyombo mezani kwa sababu hakujua aweke wapi mikono yake. Nilikuwa na maneno mengi juu ya mikono ile.

Simu ikalia.

"Mama! Umeona? Amesema! Haki ya Mungu mimi sikuamini!"

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, kilio cha kutaka mama yake, si cha kubembelezwa na mwingine. Nikafuta pua.

"Nimeona nini?" nikamwambia. "Mimi hiyo tamthilia niliiacha. Wananiudhi na milango yao."

"Umeiacha? Si jana tu tulibishana?"

"Nilikuwa nakuitikia tu. Siku hizi jioni akina mama wa hapa sokoni wanakuja tunapiga stori. Hata sasa wako hapa."

Nilikuwa peke yangu. Televisheni nilikuwa nimeizima sauti.

"Kwa hivyo nisikupigie kila jioni?"

"Piga ukipata nafasi. Angalia mtoto."

Nikamsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Nilikuwa nimesema mwenyewe, kwa hiari yangu, na bado nilitaka abishe. Nilitaka aseme, hapana mama, mimi je, jioni nitaongea na nani?

Hakubisha. Aliniambia nilale salama, na mimi hata ugali wa jioni nilikuwa bado sijasonga.