Maswali Matatu ya Nyanya

Leo nimemficha nyanya maneno ya daktari, naye alikuwa ameketi hapo hapo.

Mkalimani wa hospitali hapa Nakuru hakuja. Daktari Mzungu akaona sare yangu ya shule, akaniambia nitafsiri. Mimi, ambaye hata darasani sisikiki!

Nyanya ana uvimbe kwenye titi tangu mavuno yaliyopita. Alikuja na maswali matatu.

"Muulize, ni lile teke la ng'ombe wa bwana mkubwa nilipokuwa kibarua wake wa kukamua?"

Daktari akasema hapana. Hii ni kansa, na chanzo chake hawakijui.

"Basi muulize, matibabu yatanimalizia mbuzi wangapi?"

Hapo daktari akavua miwani. Alisema kansa imeshaenea, na hata Nairobi hawatampasua.

Nyanya akaningoja.

"Hakuna mbuzi wa kuuzwa, Nyanya."

"Afadhali!" Akacheka. "Sasa la mwisho. Nitamwambukiza mjukuu wangu?"

Nikashtuka. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na tangu utotoni tulikunywa uji kwenye kibuyu kimoja. Alipoacha, nilidhani amenikasirikia.

Daktari akasema ugonjwa huu hauambukizi. Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno.

Jioni Nyanya amekunywa uji nusu, akanipa kibuyu. "Maliza, wajina wangu. Leo umenifaa."

Nimemaliza.

Marafiki, ninyi mngemwambia? Nijibuni kabla hajaniuliza mbona daktari alivua miwani.