Wimbo wa Kukopesha

Siku ile, katika ukumbi wa kanisa pale Karurumo, tulikuwa hivi: mdogo wangu, mwalimu wa muziki chuo kikuu; kwaya yake ya wanafunzi; wasimamizi wawili wa utafiti wake wa shahada, waliokuja kuupima; cucu wa Kianjokoma, yaani bibi mwenye wimbo; na mimi dada mkubwa, niliyemshika cucu mkono. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo mimi nilikuwa wa shamba, yeye wa shule.

Utafiti wake wote ulisimama juu ya wimbo mmoja wa kupura mtama. Cucu aliuleta alipoolewa kutoka Mbeere, na alikubali kumfundisha kwa sababu mimi nilimwombea. Lakini kwa kina cucu, ukipewa wimbo hutoki nao hivi hivi. Unarudi na kibuyu cha uji, mnakunywa, unamwimbia jikoni kwake mpaka aseme umeshika. Ndipo unaupeleka kwa watu. Mdogo wangu aliurekodi kwa simu, akakimbilia darasani kwake chuoni Meru. Uji haukupelekwa. Nilijua, nikanyamaza.

Kwaya ilianza vizuri, sauti zote nne. Cucu akagonga fimbo sakafuni.

"Simamisheni hao watoto."

Mdogo wangu akageuka, mikono ingali hewani. "Cucu, tumekosea wapi?"

"Mnaimba kama watu wanaokimbia mvua. Anayepura atapumua saa ngapi? Na nani alikwambia umeshika?"

Mwanafunzi mmoja alicheka. Msimamizi mmoja aliacha kuandika. "Kwani mama hajatoa ruhusa?"

Wote wakamgeukia cucu. Angesema hapana, kazi ya miaka minne ingeishia pale. Nilimwona mdogo wangu akitazama viatu vyake kama siku zile alizorudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Nikasimama. "Cucu, makosa ni yangu. Uji nitaleta mimi."

"Uliacha shule kwa ajili yake. Sasa utembee pia kwa niaba yake? Yeye hana miguu?"

Mdogo wangu akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele yake. "Nimekosa, cucu. Nifundishe."

Cucu hakumtazama. Aligonga fimbo, akavuta pumzi, akagonga tena. Kwaya ikamfuata polepole. Safari hii nilisikia migongo ikiinama na kuinuka ndani ya wimbo, nikamkumbuka mama.

Msimamizi akauliza tena kuhusu ruhusa.

"Andika nimemkopesha," cucu akasema. "Sijampa. Nitampa jikoni kwangu."

Iliandikwa hivyo hivyo, na utafiti ukaendelea.

Mdogo wangu aliniambia angepanda Kianjokoma Jumamosi, baada ya mazoezi. Jumamosi tatu zimepita. Cucu sasa anakohoa, na kila nikipiga simu anauliza, "Mwalimu bado anafundisha?" Mtama wa uji nimeshausaga. Kibuyu nimekiosha, kinaning'inia msumarini karibu na mlango, mahali ambapo mdogo wangu atakiona akiingia kwangu. Mimi sitakibeba.