Plastiki ya Mama Marthe

Pale Kataki ukiuliza nyumbani kwa Emmanuella, watoto nao watakuuliza: Emmanuella yupi, wa mashini ya kushonea au wa mashini ya kukata? Ni huyo huyo mmoja, ndugu yangu, na ndani ya swali hilo mna kesi nzima kati yake na mama mukwe wake.

Mashini ya kushonea alipewa na Mama Marthe, mama wa mume wake Josias, siku ya harusi yao. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kukanyaga kwa miguu, na Mama Marthe alikuwa amelea watoto wake kwa hiyo. Emmanuella aliishonea bila kuipenda hata siku moja. Nguo zilimchosha, na wenye nguo walimchosha zaidi. Halafu Chancelle, fundi wa nguo kule Lubuye, akaletewa na kaka yake mashini ndogo ya nyumbani ya kukata, ukubwa wa sanduku la mikate. Unachora kitu kwenye simu, na kisu chake kidogo kinakata karatasi au kibandiko vilevile ulivyochora. Chancelle hakuona faida yake. Emmanuella aliiona. Wakabadilishana, mashini kwa mashini, na kila mmoja akarudi kwake akicheka.

Mama Marthe hakucheka. Hakugomba pia, na hapo ndipo palipouma. Aliacha tu kula kwa Emmanuella. Anakuja, anasalimia, anabeba wajukuu, lakini sahani ikiletwa anasema ameshiba. Hebu fikiria, mtu anashiba kila siku mlangoni mwa mwanawe! Josias, ambaye kazi yake ni kutengeneza injini za mitumbwi, aliombwa aseme neno. Akasema hayo ni mambo ya wamama, akachukua spana zake akaenda zake ziwani. Emmanuella alimpenda yule mama, na kila sahani iliyorudi jikoni bila kuguswa ilimuuma rohoni.

Ndipo Christelle, dada mdogo wa Josias, akachumbiwa na Urbain wa Mpala. Christelle akasema anataka majina yao yasimame juu ya gato, ile keki ya harusi, na si yale ya sukari yanayoyeyuka kwa joto. Alitaka ya pleksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na alitaka yakatwe na Emmanuella. Mama Marthe, aliyekuwa akichambua ndagaa, akasema tu, "Tutaona." Emmanuella akaelewa. Akifaulu, huenda yule mama angekula tena kwake. Akiharibu mbele ya kanisa zima, basi asahau.

Sasa, asikudanganye mtu, ile mashini haikuundwa ili kupigana na pleksi. Nene haiiwezi kabisa. Emmanuella aliagiza Kigoma vipande viwili vyembamba kama ukucha, vya rangi ya dhahabu, unajiona sura ndani yake. Vilivuka ziwa kwa boti, vikiwa vimefunikwa juu kwa plastiki laini ya buluu ili visikwaruzike. Cha kwanza alikikata kwa pupa. Alitaka kisu kizame kwa nguvu tangu mwanzo, na kilipofika katikati ya jina la Urbain pakalia tak, pleksi ikapasuka hadi ukingoni. Emmanuella alikaa chini akalia kidogo, kisha akainuka akapika, maana watoto walikuwa na njaa.

Cha pili alikishughulikia kwa adabu. Alikibana pande zote kwa utepe wa gundi kisicheze, akaiacha mashini ipitishe kisu kidogo kidogo, ikichimba mfereji uleule tena na tena. Mchana kutwa ilienda ikirudi, krii, krii, na yeye ubavuni mwake akikataza hata mlango usifungwe kwa nguvu. Alimwomba Mungu umeme usikatike, na Mungu akasikia, jambo ambalo Kataki si la kila siku. Jioni majina yakatoka mazima, kila herufi imeshikana na mwenzake. Emmanuella akapiga kigelegele peke yake hadi jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Ile plastiki ya buluu hakuitoa. Hapa lazima nikueleze habari za viti vya Mama Marthe. Saloni yake ina viti vya fahari, na viti hivyo vimevaa plastiki ya dukani tangu siku vilipoletwa. Joto likizidi, mgeni akitaka kuinuka, kiti nacho kinataka kuinuka naye. Siku za kwanza za ndoa yake, Emmanuella, mtoto wa watu, alitaka kusaidia usafi akaanza kuchana plastiki ya kiti kimoja. Mama Marthe alishika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kwamba katika nyumba hii kitu kipya hakivuliwi. Somo hilo lilimwingia Emmanuella hadi kwenye mifupa. Kwa hiyo aliyafunga majina jinsi yalivyokuwa, kwa heshima zote, akawakabidhi watu wa protokole waliokuwa wakipanga meza.

Siku ya harusi gato likaletwa chini ya turubai. Juu yake kilisimama kitu cha buluu iliyofifia, plastiki imejikunja kwenye kingo pale kisu kilipopita. Ungesema kimekatwa kwenye ndoo kuukuu. Minong'ono ikaanza meza za nyuma, na mtu mmoja akasema afadhali sukari. Emmanuella alitamani ardhi ipasuke immeze. Kosa lake alilielewa palepale, lakini angepitaje mbele ya watu wote, akaanze kuchana plastiki machoni pa Mama Marthe?

Aliyeinuka ni Mama Marthe mwenyewe. Alipita katikati ya meza na kitenge chake kipya, protokole wakampisha, akainama juu ya gato. Aliyatazama majina. Akagusa pale plastiki ilipojikunja, akaingiza ukucha, akavuta.

Dhahabu ikatokea. Kwanza Christelle, kisha Urbain, na jua lililopenya pembeni mwa turubai likayapiga yale majina hadi padri akafumba macho. Vigelegele vikapanda. Mama Marthe akabaki na uzi wa plastiki mkononi, akimtafuta Emmanuella kwa macho.

"Nani alikukataza kutoa hii plastiki?"

Emmanuella akajibu, "Ni wewe, Mama."

Josias ndiye aliyeanza kucheka, akijificha nyuma ya chupa. Bibi harusi akafuata. Mama Marthe aliutazama ule uzi wa plastiki, akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka hadi kilemba kikamlegea.

Jumatatu alituma mtu kumwita Emmanuella, aje na kisu chake kidogo. Emmanuella alienda roho mkononi. Alimkuta Mama Marthe amesimama katikati ya saloni, amefunga kitenge kiunoni.

"Anza na kile cha mlangoni," akasema. "Mimi mikono yangu inakataa."

Wakachana pamoja, kiti baada ya kiti. Kitambaa cha chini kilikuwa chekundu, chenye maua, na hata Josias aliyekulia humo hakuwahi kukijua vizuri. Mama Marthe akakaa, akapapasa kitambaa kwa kiganja.

"Na kwako leo munakula nini?"

"Bugali na mboga ya sombe, Mama. Na ndagaa."

"Basi twende," akasema Mama Marthe. "Nina njaa."