Kikombe cha Kupimia Choroko

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika karakana moja Shinyanga mjini, tukitengeneza vitu vya plastiki kwa oda ndogo ndogo ambazo viwanda vya Dar es Salaam visingejisumbua nazo. Kalibu ya chuma, lile umbo la kubania plastiki, ingechukua miezi kuchongwa. Sisi tuliyeyusha pistoni kuukuu, tukamimina alumini yake kwenye mchanga ili kupata kalibu, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tunabana plastiki kwa mashine ya mkono. Kalibu zetu zilichakaa mapema, lakini nani alikuwa na haja ya vikombe elfu?

Mama yangu aliuza choroko gulioni Kishapu. Kopo lake la kupimia lilibonyea kitako, wateja wakaanza kunong'ona kwamba anawapunja. Hilo lilimkosesha usingizi. Nikaamua kumtengenezea kikombe cha plastiki chenye ujazo uleule wa kopo lilipokuwa zima.

Cha kwanza kilitoka kidogo, maana plastiki ikipoa husinyaa. Nikamimina upya kiini cha kalibu, kile kinachofanya tumbo la kikombe, kikiwa kinene zaidi. Safari hii kikombe kikazidi. Sikuhangaika, kiini kinene unakikwangua kwa tupa tu. Nikaenda kunywa chai. Kumbe mama, akielekea stendi kupanda basi la gulioni, alipita karakana, akakiona kikombe mezani na kuondoka nacho.

Jioni nilimpelekea kilichorekebishwa. "Mama, hicho kikubwa kinakula faida yako. Tumia hiki."

Alivipima vyote viwili kwa macho. "Ng'wana wane, mwanangu, wameshakiona kile. Nikirudi na kidogo watasemaje?"

"Basi usiwape nyongeza. Imo ndani tayari."

"Ya ndani wanaiona wapi?"

Nilikasirika, nikamsomea somo zima la plastiki na kusinyaa kwake. Alinisikiliza huku akichambua choroko, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Gulio lililofuata nilikwenda naye. Alijaza kile kikubwa hadi kikafanya kichuguu, akamimina kwenye kitenge cha mteja, kisha akachota konzi na kuiongeza, mkono juu, kila mtu aone. Kila mteja hivyo hivyo. Roho iliniuma.

Gunia likaisha mapema, faida hakuna. Njiani nikamwuliza kama haoni hasara.

"Naiona," alisema. "Lakini leo hakuna aliyenong'ona."